Ng'ombe wa Chuo Tuliowaita Mahari

Kwako Mwalimu unayejibu mashauri ya watu gazetini,

Ugonile, umeamkaje huko milimani kwenye baridi. Mimi ni mwanamke wa Ikombe, mfinyanzi, nilisoma darasa la ubatizo mpaka nikajua kuandika, kwa hiyo mkono huu ni wangu na makosa yake ni yangu. Nakuomba unipangie kichwa changu, maana kimevurugika, na kila ninayemwuliza hapa ananivuruga zaidi ya nilivyokuwa. Jina langu usiliandike, andika Mama Enoki tu, inatosha.

Niliolewa miaka kumi na minane iliyopita na Eliya, Mnyakyusa wa bondeni karibu na Mwaya, mkulima wa mpunga na migomba, nasi tuna watoto wawili walio hai, Enoki mwenye miaka kumi na sita na Neli mwenye kumi na mitatu, na Enoki amemaliza shule ya misheni na walimu wakamsifu, wakamwandikia nafasi katika chuo cha walimu, lakini wamesema aje mavuno ya mpunga yakiisha, na asije mikono mitupu, alete ada na nguo na blanketi na chakula chake, na asipofika nafasi atapewa mwingine, wapo wengi wanaongoja. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mengine yote ningeyavumilia.

Sisi tulikwisha kujiwekea kwa ajili ya siku hiyo, Mwalimu, usidhani tulikaa tu. Tuliweka ng'ombe, na hapa ndipo naanza kuchanganyikiwa, kwa sababu sijui hata nikuambie ng'ombe huyo ni wa nani. Kila kiangazi nilikuwa narudi Ikombe kwa mama yangu kufinyanga, maana udongo mzuri uko kwetu, tunachoma vyungu, tunavipanga mtumbwini, tunavishusha sokoni Lyulilo, na pale chungu kinauzwa kwa kujazwa, mnunuzi anakijaza mahindi au maharage au mchele, nafaka inakuwa yako na chungu kinakuwa chake, kwa hiyo ukinyanyua vyungu thelathini umenyanyua ghala. Nafaka hiyo Eliya aliibeba mpaka Mwaya ambako wananunua chakula cha wapagazi, akaongeza na mchele wake kidogo, akapata rupia, akanunua mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani. Alinunua yeye kwa sababu hakuna mtu atakayemuuzia mwanamke ng'ombe, hata ukimwonyesha rupia atakuuliza mumeo yuko wapi. Basi vyungu vyangu, mabega yake, rupia zetu, na aliyemwuza anamjua Eliya peke yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea, au sijui kama tulikosea. Mwaka ule nyota yenye mkia ilipoonekana Eliya aliugua kifua mpaka tukakata tamaa, na watu walisema nyota ile imekuja kuchukua watu. Wewe unaijua desturi ya Wanyakyusa, mwanamume akifa mali yake haiendi kwa mwanawe kwanza, inakwenda kwa ndugu yake, na kaka yake Eliya alikuwa Hezroni, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, lakini kusoma alikuwa haoni maana yake, alikuwa anasema kitabu hakitoi maziwa. Eliya akaniita pale kitandani akaniambia, Mama Enoki, nikifa Hezroni atamchukua mtamba huyu, na mtoto hatasoma, tumpeleke kwa kaka yako Lazaro, na watu wakiuliza tuseme ndiye ng'ombe wa mwisho wa mahari. Nikasema, lakini mahari uliimaliza. Akasema, nani anakumbuka? Na kweli mahari yangu ilikuwa ng'ombe watatu, walikwisha kulipwa wote, Lazaro akawatumia kuoa mke wake, hawapo tena. Lakini tulitangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba alibaki mmoja na sasa anapelekwa, na baba mkwe wangu alifurahi akasema mwanangu ni mwanamume, anaumwa na bado anakumbuka deni la mke. Mimi sikuwapo, mimi siwezi kukaa alipo baba mkwe, nilisimuliwa.

Lazaro anaishi Lyulilo, maana kwetu Ikombe mlima umeshuka mpaka majini na ng'ombe hana pa kusimama. Tulimwambia kando, kaka, huyu ni wa chuo cha Enoki, mtunze tu. Akasema ndiyo, nimesikia. Na amemtunza, siwezi kusema hakumtunza, mtamba alikuwa na mimba, akazaa jike, akazaa tena dume, sasa wako watatu.

Basi Eliya akapona, akafa Hezroni. Mwaka jana, kwa siku nne tu za homa. Na mali yote ikaja kwa Eliya, ng'ombe na mashamba, na mjane wake Anyosisye pia, maana desturi haichagui, ukirithi unarithi vyote. Wazee wa kanisa wakamwambia Eliya, ukimchukua mjane kuwa mke tunakutoa kwenye ushirika, na wazee wa ukoo wakamwambia, usipomchukua utamwacha na watoto wa kaka yako bila baba, wewe ni mtu gani. Akakaa wiki tatu hasemi, mwisho akamchukua. Mwalimu, Anyosisye hajanikosea, alikuja kwangu akanipigia magoti akaniita dada, lakini mimi nilibatizwa, niliapa ndoa ya watu wawili, nikafunga mzigo wangu nikamchukua Neli nikarudi Ikombe kwa mama. Sikugombana na mtu. Eliya alinisindikiza mpaka kwenye mtumbwi akabeba na mzigo, kwa hiyo hata sijui kama nimeachwa au nimeacha.

Sasa mwezi uliopita baba mkwe na wazee wake wamemtumia Lazaro ujumbe kwamba mimi nimetoka nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiyo mahari irudi, na wao wanahesabu yule mtamba na wazao wake kuwa mahari, maana ndivyo tulivyowaambia. Na Lazaro amefurahi, amesema hao hapa, wachukueni wote watatu, watatu walikuja watatu wanarudi, dada yangu yuko huru. Nikamwambia, kaka, hao ni wa chuo cha mtoto. Akanijibu, mimi niliambiwa mbele ya watu ni mahari, niliyoambiwa kando sikumbuki.

Ukitazama uone fundo lilivyo, Mwalimu. Nikinyamaza, ng'ombe wanakwenda, mimi nakuwa mwanamke huru na Enoki anabaki kulima. Nikisema hawa si mahari, basi mahari haijarudi, na kwa desturi mahari isiporudi mimi bado ni mke wa Eliya, mke wa pili wa mtu ambaye mke wake wa kwanza ni mimi, hata sijui nimeandika nini hapo. Nikisema kweli nitamwaibisha Eliya mbele ya baba yake kwamba aliwadanganya wazee kwa ng'ombe, na nisiposema nitakuwa nimemwibia mwanangu. Mama yangu anasema nyamaza, uhuru ni bora kuliko kitabu. Mke wa mzee wa kanisa anasema mbele ya Mungu bado umeolewa, kwa hiyo ng'ombe wasiguswe kabisa. Jirani anasema nenda boma ukashitaki. Na hata nikitaka kusema nitasemea wapi? Baraza litakaa kwa baba mkwe, na mimi kutazamana na baba mkwe siwezi, kulitaja jina lake siwezi, nikisikia anakuja njiani naingia migombani mpaka apite, ndivyo nilivyofundishwa siku ya kuolewa, miaka kumi na minane sijawahi kumwona uso.

Na jambo jingine ambalo silielewi ni Eliya mwenyewe. Kila siku ya soko anakuja Lyulilo, anatembea tangu alfajiri, analeta mikungu miwili ya ndizi anamwachia Neli aibebe, kisha anasimama mbele ya vyungu vyangu, ananyanyua kimoja, anakigonga kwa kidole kusikia kama kina ufa, ananiuliza, mama, hiki kinajazwa nini? Namwambia mchele. Anakirudisha chini kwa taratibu, anakwenda zake. Wiki ijayo tena. Kuhusu ng'ombe hasemi, nami sisemi. Neli ananiuliza, mama, baba anataka chungu kweli? Namwambia sijui, chukua udongo twende. Neli naye alisoma, alikuwa anawashinda wavulana wawili watatu, lakini nilimtoa tulipohamia huku, maana mama amezeeka na kuukanyaga udongo kunataka miguu yenye nguvu.

Basi nakuuliza, Mwalimu, na unijibu kabla mpunga haujaiva. Ng'ombe hawa ni mahari au si mahari? Mimi ni mke au si mke? Na nikivunja neno tulilolisema mbele ya wazee, nimetenda dhambi au nimeiondoa? Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisoma mpaka hapa.

Mimi, Mama Enoki
Ikombe

*

Mama Enoki,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimeketi na maji ya kunywa karibu. Umeniomba nifiche jina lako, halafu umenitajia ukoo mzima mpaka marehemu. Majina nimeyabadili yote, jina la kaka yako na hata la mtoto. Lakini watu wa Lyulilo wakikutambua kwa vyungu usinilaumu mimi.

Pole. Nasema pole kwa moyo, kwa sababu umetoka nyumbani bila kumtukana mtu, na mwanamke anayeondoka hivyo huwa hana hata hasira ya kumpa joto usiku. Pole ndiyo hiyo. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umeniuliza kama ng'ombe hawa ni mahari. Wewe unajua si mahari. Umeniandikia mwenyewe kwamba mahari ilikuwa watatu, ikalipwa, kaka yako akaoa nayo. Uongo mliousema mwaka wa nyota haukumgeuza mtamba yule. Ukimwita mbuzi kondoo mbele ya mashahidi kumi, bado hatakupa sufu. Mliutunga uongo ule kwa nia njema, najua, mgonjwa kitandani na mtoto mlangoni, na huenda mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yenu imefika mwisho. Uongo mlioujenga kumlinda mtoto dhidi ya baba yake mkubwa ndio huo sasa unaotaka kumla mtoto. Tena fikiri mlimficha nani. Mlimficha Hezroni. Hezroni hayupo, na aliyerithi mali ya Hezroni ni Eliya. Kwa hiyo leo Eliya anamficha Eliya ng'ombe, na ninyi nyote mnatembea kwa kunyata.

Halafu kuna neno moja katika barua yako limenichoma jicho. Umeandika kwamba Eliya aliongeza "mchele wake kidogo". Kidogo kiasi gani, mama? Vyungu vyako umevihesabu thelathini, mchele wa mumeo umekuwa kidogo. Hapo mwandiko wako umekwenda mbio. Mimi nasema mtamba yule alinunuliwa na watu wawili, tena nusu kwa nusu au karibu yake, na watu hao wawili walikubaliana kwamba ni wa kusomesha. Basi si wako na si wa Eliya. Ukilikubali hilo, nusu ya maumivu ya kichwa itapungua, maana utaacha kuwapigania kama mali yako.

Kaka yako namwona vizuri kutoka huku juu. Mtu anayesahau maneno yanayomgharimu na kukumbuka yanayomfaa, huyo hana ugonjwa wa kusahau. Mahari ya dada yake aliila yeye, akajipatia mke, na sasa anataka deni lake lilipwe na mpwa wake. Anakuambia uko huru! Ni rahisi kumpa mtu uhuru kwa ng'ombe wa mtoto wake.

Na uhuru huo haugharimu ng'ombe watatu, hapo ndipo mlipokosa kuuliza. Mimi ni mtu wa pwani, desturi za huko nimezioa tu. Kwa hiyo nilipopata barua yako nilikwenda kwa baba wa mke wangu, ambaye ni wa bonde hilo hilo, nikamuuliza bila kutaja mtu. Alicheka kwanza, kwa sababu ananiona mimi ni mtoto mkubwa. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanamke aliyezaa harudishiwi mahari yote kama kikapu kitupu. Watoto wamebaki kwa nani? Ni wa ukoo wa baba yao. Basi kwa kila mtoto ng'ombe mmoja hukaa alipo." Akaongeza kwamba wazee hubishana siku nzima juu ya hilo, na kila ukoo una hesabu yake, lakini kubishana ni ruhusa. Nawe una watoto wawili. Kama wazee wa kwa mumeo wanafuata njia hiyo, mahari inayodaiwa ni ng'ombe mmoja, naye ni wa Lazaro kumtafuta. Ana mtumbwi, ana nyavu, ana mikono. Mwambie nimesema mimi, na akitaka kunijibu anajua njia ya milimani.

Boma usiende. Bwana wa boma hawezi kujua kwa nini mkwe anaingia migombani, na akijua hataona kuwa ni kitu. Shauri hili ni la watu wanaolielewa.

Sasa Eliya. Usidhani nitamtetea. Angeweza kumjengea mjane nyumba, akawalisha watoto wa kaka yake, akabaki na mke mmoja. Wapo waliofanya hivyo, wakasemwa, wakavumilia. Alikaa wiki tatu bila kusema, na kunyamaza kwake kulimpa jibu baya, kwa sababu mtu asiyesema huamuliwa na wanaosema. Lakini nimetafuta barua yako yote nione mahali Eliya aliposema "rudisheni mahari," sijaona. Wanaodai ni wazee. Yeye anatembea tangu alfajiri na mikungu miwili ya ndizi, anagonga chungu, anauliza kinajazwa nini, ilhali amekaa na mfinyanzi miaka kumi na minane na anajua kuliko mimi na wewe kinajazwa nini. Huyo si mnunuzi, mama. Huyo ni mtu aliyebeba neno na hajui aliteremshe wapi. Nawe una neno lile lile, umekaa nalo nyuma ya vyungu. Mnatazamana kila soko, na watoto wenu wawili wanangoja mmoja wenu akohoe.

Umeuliza kama wewe ni mke au si mke. Kanisa litakujibu moja, ukoo utakujibu jingine, na mimi sitasimama katikati. Ila naona hukuuliza kama unataka kuwa mke wake. Hilo ni swali tofauti, na gazeti haliwezi kulijibu. Lijibu wewe mwenyewe, polepole, hata kwa mwaka mzima. Chuo hakingoji mwaka. Kwa hiyo yatenge mambo haya mawili kama unavyotenga udongo na kokoto. Ndoa yenu ikae kando. Ng'ombe kwanza.

Siku ya soko inayokuja, Eliya akinyanyua chungu na kukuuliza kinajazwa nini, usimwambie mchele. Mwambie, "Baba Enoki, kaa chini." Mwambie kwamba uongo mlioutunga wawili utavunjwa na wawili. Akisema ataaibika mbele ya baba yake, mwambie ndiyo, ataaibika, siku moja au mbili, kisha wazee watalala na kuamka na kuzungumza habari za kodi. Aibu ya mtoto aliyefukuzwa mlangoni mwa chuo inakaa muda mrefu kuliko hiyo. Akikataa, utasema peke yako. Lakini mtu anayetembea umbali ule kila wiki, mimi sidhani atakataa.

Na njia ya kusema unayo, umeniletea ushahidi wa kurasa tano. Unasema huwezi kutazamana na baba mkwe wala kulitaja jina lake. Vizuri, heshima yake iheshimu, mimi sitakuambia uivunje, miaka kumi na minane si mchezo. Lakini barua haina uso. Andika. Usiandike kama ulivyoniandikia mimi, nusura nizame. Andika ukurasa mmoja: mtamba alinunuliwa na nani, kwa vyungu vingapi na kwa mchele kiasi gani, na safari hii mchele uuhesabu kweli. Andika kwa nini alipelekwa kwa Lazaro, nani aliambiwa nini mbele ya watu na nini kando. Andika kwamba mahari ya kweli ililiwa na nani. Mwisho mwombe msamaha mzee kwa kumdanganya, kwa maneno machache, bila machozi ya wino. Wewe utie jina lako na Eliya atie lake, au alama yake kama hajui kuandika. Hilo liwe jambo la mwisho mtakalolifanya kama mume na mke, au la kwanza, mtajua wenyewe.

Yule dume auzwe sasa, kabla ya baraza. Eliya amuuze kwa mkono wake, maana ndiye anayejulikana kwa wauza ng'ombe, na rupia zipelekwe chuoni siku hiyo hiyo pamoja na Enoki mwenyewe. Msimwachie mtu yeyote wa kati, awe mjomba au mzee wa kanisa. Mwalimu aandike karatasi yenye jina la Enoki, na karatasi hiyo Enoki aishike yeye. Chakula Eliya atatoa, mpunga anao, na safari hii usiandike kidogo. Ng'ombe mama na jike lake watoke Lyulilo, lakini wasiende kwa Eliya pia. Tafuteni mtu wa tatu asiye wa ukoo wowote kati ya hizi mbili, mwenye majani na mwenye aibu, mumpe mbele ya mashahidi mkisema wazi ni ng'ombe wa nini. Safari hii semeni kweli, ni rahisi zaidi kuikumbuka.

Sasa nani ataisoma barua hiyo barazani? Lazaro hapana. Eliya sauti itamkauka. Mzee wa kanisa ataihubiri. Mpe Neli. Mjukuu hana mwiko na babu yake, anaweza kumkalia gotini na kumvuta ndevu, na mzee hatamfukuza. Umeniambia alikuwa anawashinda wavulana wawili watatu, ukalisema hilo ukiwa njiani kwenda kwenye udongo, kama mtu anayesema habari za mvua ya juzi. Kurasa tano, Mama Enoki, za mtoto na chuo cha mtoto na ng'ombe wa mtoto, na kila unaposema mtoto unamaanisha mmoja. Yule mwingine amebeba ndizi na kukanyaga udongo kutoka mwanzo wa barua mpaka mwisho, na amekuuliza swali moja la akili kuliko maswali yako yote, ukamjibu hujui.

Kwa hiyo chini ya majina yenu mawili ongeza mstari mmoja, nawe na Eliya muukubali kabla haujaandikwa. Neli aufikie akiwa hajajua kwamba upo, ausome kwa sauti yake mbele ya babu yake na wazee wote waliokaa: "Dume amempeleka Enoki chuoni. Jike ni la Neli, na akimaliza kusoma barua hii anarudi shule."

Mwalimu Ambrose